Kilima cha Hamdun na Meno ya Difu

Ijumaa, 5 Januari

Nimefanya jambo leo. Sijui kama ni la kishujaa au la kijinga. Zuwaina, mke wangu, anasema yeye anajua.

Baada ya sala tulikaa sabla, baraza la kijiji, wanaume wote, kama kawaida. Tende zikazunguka, kahawa ikazunguka, maneno yakazunguka. Kikombe kikamfikia Sulayyim, muuza matairi. Akakishika, akakinusa, akakiweka chini bila kukinywa.

Mtu akiweka kikombe chini ana haja, na haja hiyo lazima isikilizwe kabla kahawa haijapoa. Sheikh Mohsin, mkuu wa kijiji, akamwambia aseme.

Haja yake ilikuwa kilima. Kile kilima cha mchanga nyuma ya mitende, mita mia moja kwenda juu, kinachoitwa Kilima cha Hamdun. Jumapili ya wiki ijayo kinawekewa kibao cha bati kando ya barabara, ili wageni wakijue. Sulayyim akasema jina likishaandikwa kwenye bati halifutiki, kwa hiyo tufikiri vizuri. Huyo Hamdun alipanda na gari lini? Mwaka sabini na tatu. Mara ngapi? Moja. Nani aliyemwona yuko hai humu ndani, anyooshe mkono? Hakunyoosha mtu. Basi Ijumaa ijayo ni siku ya mashindano, akasema, atakayefika kileleni kipewe jina lake.

Huyo Hamdun! Huyo Hamdun ni baba yangu mzazi, Mungu amrehemu!

Nikasimama. Sikukusudia. Miguu ilisimama yenyewe nami nikajikuta juu yake. Nikatangaza kwamba mwana wa Hamdun atapanda Ijumaa mbele ya watu wote, na akipanda, jina libaki lilipo. Sheikh akasema hiyo ni haki. Ghanim, yaani mimi, akifika kileleni, kibao ni cha Hamdun. Asipofika, na Sulayyim akafika, kibao ni cha Sulayyim.

Sulayyim akanywa kahawa yake mpaka tone la mwisho. Kisha kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mgonjwa hali, akaniita kwa jina la mwanangu: "Abu Harith, hilo gari lako limewahi kupanda hata tuta la barabarani?"

Walicheka wote. Hata Sheikh, ndani ya ndevu.

Jumamosi, 6 Januari

Nimekwenda kujaribu mapema, kabla watu hawajaamka. Nimepunguza upepo wa matairi mpaka yakalala kama mikate. Nimesoma bismillahi. Nikakanyaga.

Subhanallah, kile kilima! Nimekiona maisha yangu yote, lakini sijawahi kukiona kikinijia usoni. Ukiwa chini yake ndani ya gari, hakuna mbingu. Kuna mchanga tu, mwekundu, umesimama wima mbele ya kioo kama ukuta wa msikiti.

Gia ya pili ilinifikisha theluthi. Injini ikaanza kukohoa. Nikakanyaga klachi nirudi gia ya kwanza, na hapo ndipo mchanga ulipotoa mkono ukalishika gari. Muda wa kukanyaga klachi na kuiachia ni kufumba na kufumbua, lakini mchanga hauhitaji zaidi. Nilizama mpaka kwenye ekseli. Nimechimba saa nzima kwa sahani ya chakula kwa sababu sepeto nimeisahau nyumbani.

Gari lilipotoka na kuteremka hadi nyuma ya mitende, nikasikia mngurumo. Sulayyim! Nikajificha nyuma ya mgunga pamoja na mbuzi wa watu. Gari lake ni la otomatiki, refu la miguu, jeupe. Likaja, likapanda, likaimba sauti moja tu mfululizo, bila kukata, bila kuvuta pumzi. Gia zilijibadilisha zenyewe huko ndani kama watu wanaopokezana mtungi mkono kwa mkono bila kumwaga maji. Lilifika karibu na kilele, likageuka kwa madaha, likashuka.

Nilisahau kuwa ni adui. Nilisimama mdomo wazi. Mbuzi mmoja akala nusu ya kilemba changu.

Jumapili, 7 Januari

Nina mpango. Nimelala nikiufikiria, nimeamka nao. Gari la Sulayyim lina matairi makubwa, na matairi makubwa ndiyo yanayopanda. Kwa hiyo ninunue makubwa kuliko yake!

Tatizo: anayeyauza ni yeye.

Nikaenda nikijifanya nayataka kwa safari za shambani. Sulayyim hakuuliza hata swali. Alinichagulia mwenyewe, makubwa kuliko yote dukani, akanifungia mwenyewe, akanipa kahawa, akanisindikiza hadi mlangoni mkono begani. Akaniombea heri. Mtu mwema akishindana huwa hivyo, nikawaza. Nikamwonea huruma.

Sasa ili niingie garini nahitaji ngazi. Zuwaina ametazama, akasema hakika yanapendeza, na mbuzi watapata kivuli.

Jumatatu, 8 Januari

Gari limekuwa zito kuliko jana! Halitaki hata kupanda njia ya kwetu. Nimelipeleka kwa Ustadh Shahdad, fundi wa Kibaluchi aliye karibu na soko. Mikono yake ni myeusi ya grisi tangu mimi nikiwa kijana.

Shahdad aliyatazama matairi, akanitazama mimi, akauliza nimeyanunua kwa nani. Nilipomwambia alicheka hadi akakaa chini. Tairi kubwa ni mguu mrefu, akaeleza. Kila mzunguko linakwenda mbali zaidi, na injini ileile inabeba hatua ndefu kuliko uwezo wake. "Bwana, umemlipa adui yako akufunge jiwe mguuni. Na umekunywa kahawa yake!"

Amenirudishia matairi ya zamani. Makubwa nimeyaacha uani. Kweli mbuzi wamepata kivuli.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sitalisahau. Aliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, akaacha la pili chini. Akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Akaniambia nizungushe gurudumu polepole mara mbili, kwa kuwa mwenzake ametulia na hesabu inagawanyika nusu. Yeye akalala chini akihesabu propela. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Na kidogo.

Akatoka uvunguni akasema: ndani ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, krauni kubwa ina meno thelathini na saba, na piniani ndogo inayoizungusha ina tisa.

Hakufungua hata boliti! Kuna watu sokoni wanaojua umri wa ngamia kwa kumpanua mdomo. Huyu aliyahesabu meno mdomo ukiwa umefungwa! Miaka kumi na minane nimelikalia gari hili, na nambari hiyo ilikuwa uvunguni mwangu muda wote, ndani ya chuma na giza na mafuta, ikiamua jinsi ninavyokwenda sokoni. Nilihisi kama nimeambiwa siri ya ukoo.

Maana yake ni hii. Propela inazunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Ni kama ngazi. Vipandio vikiwa karibu karibu, unapiga hatua nyingi ndogo na pumzi inabaki. Vikiwa mbalimbali, hatua ni chache na paja linatetemeka. Dawa yangu ni krauni ya meno thelathini na tisa na piniani ya nane. Karibu mara tano! Nguvu itaongezeka, mwendo utapungua. Shahdad anasema chuma hakitoi sadaka: unachopewa mlimani unanyang'anywa barabarani.

Na yote hayo yanazidishwa tena na giaboksi. Gia ya kwanza ni fupi, lakini katika gari langu rivasi, gia ya kurudi nyuma, ni fupi kuliko hata ya kwanza, yenye nguvu kuliko zote. Aliyasema haya kwa fahari kana kwamba aliichonga yeye. Nimeyaandika kwa heshima yake tu. Nani ana haja na rivasi?

Jumatano, 10 Januari

Meno mapya yamefika kutoka mjini Ibra! Lakini ya nyuma tu. Ya mbele yanatoka Sharjah, yatafika Jumamosi.

Jumamosi! Siku moja baada ya mashindano!

Nikamwambia Shahdad afunge ya nyuma peke yake. Akakataa. Nikamsihi. Akakataa. Nikamtaja marehemu baba. Akafunga, lakini akaniapisha mkono juu ya boneti: nisiunganishe magurudumu ya mbele na ya nyuma hata kwa dakika moja. Ya mbele yanakwenda kwa hesabu ya nne, ya nyuma kwa hesabu ya tano. "Ni ngamia wawili umewafunga kamba moja, huyu anatembea, huyu anakimbia. Kamba itakatika au shingo itakatika." Nikaapa.

Kurudi nyumbani! Ukigusa ekseleta tu gari linaruka kama limechomwa sindano. Nikafika gia ya tano kabla sijatoka kwenye geti lake. Halafu, basi. Barabara kuu, injini inapiga kelele kama bi harusi anatoroshwa, na mwendo ni themanini. Lori la ngamia likanipita. Ngamia wote watatu waligeuka kunitazama.

Jioni nimekwenda kwa mama. Ana miaka sabini na minne na masikio makali. Nilimuuliza alikuwa wapi baba alipopanda kile kilima. Akasema alikuwepo. Alikuwa msichana, anakusanya kuni na wenzake, mvua imenyesha usiku. "Alikuwa ananitazama mimi," akasema, na akaficha uso kwa shela. "Njia nzima, mpaka juu. Hakuondoa macho."

Masikini mama. Umri huu mambo huchanganyika. Mtu anayepanda mlima hutazama mlima. Nikambusu kichwani, nikamwambia apumzike.

Nilimuuliza pia mbona hakusema siku zote hizi kwamba yeye ni shahidi. Akasema hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi, 11 Januari

Mvua! Tangu alfajiri hadi adhuhuri. Mchanga umeshikamana, ukiupiga teke unaumia wewe. Hii ni ishara.

Nimepanga hivi. Nitaanza kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kwa kiapo changu. Nikikwama, nitaunganisha ya mbele kidogo tu. Kiapo kilisema nisiunganishe hata dakika moja. Mimi nahitaji nusu dakika.

Ijumaa, 12 Januari

Naandika polepole.

Wilaya nzima ilikuwepo. Magari yamepangwa kama shanga, watu juu ya boneti, watu juu ya mapaa, moshi wa nyama, akina mama na mikeka yao upande wa pili. Mama alikuwa mbele kabisa, na chupa yake ya kahawa. Kila dereva majaribio matatu.

Sulayyim alitangulia. Nataka kuandika kwamba alipanda vibaya, lakini daftari hili ni langu na mimi ndiye nitakayelisoma. Alipanda kama sala iliyokubaliwa. Sauti moja, mkia wa mchanga nyuma yake, sekunde tisa. Tisa! Akasimama kileleni, mdogo kama punje ya mchele, akapiga honi. Mabonde yakajibu. Nilipiga makofi kabla sijajizuia. Zuwaina akanifinya.

Jaribio langu la kwanza: magurudumu ya nyuma peke yake. Nusu ya kilima! Nusu! Meno thelathini na tisa yalikuwa yakitafuna mlima kama muwa. Kisha magurudumu ya nyuma yakachimba kaburi na ya mbele yakakaa tu kama wageni. Nikateleza chini.

Jaribio la pili. Niliunganisha.

Mwanzoni nilisikia gari likinuna. Usukani ukawa mgumu. Nyuma inasukuma, mbele inakataa, mimi katikati kama mume wa wake wawili. Halafu mlio mmoja, PAAA! Honi zote zikanyamaza. Gari likarudi chini lenyewe, kwa adabu, mpaka miguuni mwa Shahdad.

Alilala chini, akatoka na kipande cha kifundo cha propela mkononi, akakiweka kiganjani mwangu kama jino la mtoto. Akafungua propela ya nyuma yote, akaitupa kando. "Nyuma umekufa. Umebaki na mbele tu. Gari lako ni mtu aliyevunjika kiuno, anajiburuza kwa mikono."

Sheikh Mohsin akaniuliza kama nakubali kushindwa, hakuna aibu. Nilifungua mdomo nijibu. Nilikuwa nimeshaliona jina la baba likifutwa.

Ndipo sauti ya mama ilipokata uwanja mzima.

"Ghanim! Geuza gari! Geuza kama baba yako! Mbona unaupa mlima uso, mlima ndio utakaokuoa?"

Watu walicheka. Shahdad hakucheka. Alijipiga paji la uso, akaacha grisi. Rivasi! Gia fupi kuliko zote! Na gari likipanda kinyumenyume, akasema akinitikisa mabega, uzito wote unalala kwenye magurudumu ya mbele, na ya mbele ndiyo yaliyobaki hai! Na mchanga umelowa! Kama siku ile aliyonisimulia mama, nikawaza. Alikuwa karibu kulia. "Alijua, yule mzee. Bila shule, bila kitabu. Alijua!"

Nikageuza gari. Nikakipa kilima mgongo. Nikavuta wenzo mdogo wa gia nzito za milimani, kisha nikatia rivasi.

Halikukimbia. Lilitembea. Mtu mzima angeweza kutembea ubavuni mwangu na kikombe cha kahawa asimwage. Nilitazama nyuma begani mwanzoni, kisha shingo ikachoka, na nikatazama mbele.

Nikawaona. Watu wote, uso kwa uso. Kadiri nilivyopanda walizidi kuwa wadogo na wengi, na mitende nyuma yao, na kijiji, na milima ya mbali ambayo sikujua kuwa inaonekana kutoka hapo. Hakuna aliyepiga honi. Injini ilikuwa ikisaga polepole, meno juu ya meno, thelathini na saba juu ya tisa, yale yale ya zamani, ya mbele. Na katikati ya watu, mama alikuwa amesimama. Mdogo, ndani ya vazi lake jeusi, amenyooka. Nilimtazama njia nzima. Sikuweza kutazama kitu kingine.

Alikuwa ananitazama mimi, mama alisema. Njia nzima.

Karibu na kilele sikuona chochote nyuma na niliogopa kuangukia upande wa pili. Nikasikia sauti: "Njoo! Njoo Abu Harith! Kata kulia kidogo! Njoo, njoo, njoo... basi!" Nikavuta breki. Alikuwa Sulayyim, ananielekeza kwa mikono miwili kama ninaegesha lori la matairi dukani kwake.

Tulikaa kileleni pamoja. Kisha akasema hajawahi kuona gari likipanda likiwa limewaangalia watu. Nikasema hata mimi.

Jumapili, 14 Januari

Kibao kimesimama. Kijani, herufi nyeupe: Kilima cha Hamdun. Mama amepelekwa akione. Alikitazama, akakifuta vumbi kwa shela, akasema wameandika vizuri lakini kimeelekezwa upande usio sawa.

Sabla jana walinikalisha karibu na Sheikh. Nimewaeleza kwamba nilipanga kila kitu tangu mwanzo. Nafikiri wameamini. Sulayyim hata alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Akataja, kwa kupita tu, kwamba kusini zaidi kuna kilima kirefu mara mbili ya hiki na hakina jina.

Usingizi umenitoka. Nimefikiri usiku wote na nimeuona ukweli ambao Shahdad mwenyewe hajauona. Ni nini kilichonipandisha? Magurudumu ya mbele! Kwa hiyo mbele ndiko kwenye siri. Nyuma ni mizigo tu.

Asubuhi nimekwenda gereji. Meno ya mbele yamefika kutoka Sharjah, thelathini na tisa kwa nane, ndugu kamili wa yale ya nyuma. Shahdad alikuwa na furaha. Leo, alisema, gari litakuwa na amani, mbele na nyuma hesabu moja. Akanimiminia kahawa.

Nikakishika kikombe. Nikakinusa. Nikakiweka chini.

Shahdad akakitazama kikombe. Akauliza haja yangu ni nini, kwa sauti ya mtu anayemuuliza daktari.

Nikamwambia ya Sharjah ayauze. Mimi nataka krauni ya meno arobaini na tatu, piniani nane. Zaidi ya mara tano! Ya mbele peke yake. Ya nyuma tutaona baadaye.

Naye awe na subira kidogo, nikamwambia, kwa kuwa nikitoka hapa napitia kwa Sulayyim. Ameniwekea matairi makubwa kuliko yale ya kwanza.